Huduma za Kompyuta za Chuo Kikuu, Zikitazamwa kutoka Lwakhakha

Mji wa Lwakhakha, uliokaa ukingoni mwa mto wenye jina hilo hilo, mahali kaunti ya Bungoma inapokoma na wilaya ya Namisindwa ya Uganda inapoanza, hauna chuo kikuu. Walakini kila mwaka, matokeo ya mtihani wa kidato cha nne yakisha kutangazwa na shirika la serikali la KUCCPS likisha kuwagawa wahitimu vyuoni, nyumba zake hutoa vijana wa kwenda Kibabii, Kakamega na Eldoret, na wengine huvuka daraja kuelekea Mbale, kiliko Chuo Kikuu cha Kiislamu nchini Uganda kilichofunguliwa mwaka 1988. Zamani kijana aliyerudi likizo aliiacha elimu yake nyuma, katika maktaba na katika madaftari ya msajili, asiwe na neno tena na chuo mpaka siku ya kufungua. Siku hizi chuo humfuata nyumbani ndani ya simu. Kusajili masomo ya muhula, kutazama hesabu ya karo, kuchapa kadi ya mtihani, kuomba nafasi ya bweni, kusoma matokeo, kupokea mihadhara ya mwalimu aliye mbali, yote haya hupitia lango la wanafunzi katika tovuti ya chuo, na lango hilo halimfungukii ila mwenye neno la siri.

Nakusudia kuwaandikia wasomaji juu ya watu ambao kazi yao ni kuhakikisha kwamba lango hilo hufunguka kwa anayestahiki na hufungwa kwa asiyestahiki, yaani maafisa wa huduma za teknolojia ya habari, ambao aghalabu huonekana tu pale jambo linapoharibika. Nimekaa katika kazi hii muda wa kutosha kujua kwamba umma huidhania kuwa ni kazi ya waya na mashine, na kwamba wakuu wengi wa vyuo, wanapotafuta dawa ya malalamiko ya wanafunzi, hununua mashine nyingine. Rai yangu ni kwamba taabu kubwa iliyobaki katika nchi yetu, baada ya waya kufika, ni taabu ya uthibitisho: chuo hakina njia ya kumtambua mwanafunzi wake akiwa ghaibu, na kwa kuwa hakimtambui hakithubutu kumsaidia, ila aje kwa miguu yake mpaka dirishani, kitambulisho mkononi. Na kwa mtu wa Lwakhakha kuja dirishani ni kupanda matatu kwa njia ya Chwele au ya Malakisi, kutoa nauli ya kwenda na ya kurudi, na kupoteza siku nzima ya kazi shambani au sokoni.

Insafu inatudai kwanza tuwape haki yao walioleta waya. Mtandao wa elimu wa KENET, ulioasisiwa mwaka 1999 kwa ushirika wa vyuo vyenyewe, serikali na makampuni ya simu, ulianza kazi wakati ambapo intaneti yote ya Afrika Mashariki ilipitia setilaiti, ghali na nyembamba, hata chuo kizima kikagawana njia ambayo leo hukidhi haja ya nyumba moja. Mwaka 2009 nyaya za SEACOM na TEAMS zilifika pwani yetu kwa chini ya bahari, na mwaka uliofuata ukafika waya wa EASSy, na bei ikaanza kushuka. Serikali nayo ilikuwa ikitandaza waya wa taifa wa NOFBI kuelekea bara, wilaya kwa wilaya. Chuo cha Kibabii, kilichoko kando ya barabara ya kutoka Bungoma kwenda Chwele, kilifanywa tawi la Chuo Kikuu cha Masinde Muliro mwaka 2011 na kupata hati yake ya kujitegemea mwaka 2015, kwa hiyo hakikupata kabisa kuonja dhiki ya enzi ya setilaiti. Wanafunzi wake wa leo hawajui kungoja ukurasa mmoja ufunguke kwa muda wa kunywa kikombe cha chai. Hii ni neema, na waliohangaika kuipata wanastahili shukrani.

Lakini neema hiyo ilileta mazoea mapya. Kila kilichokuwa karatasi kilihamishiwa katika kompyuta, na kila ofisi iliyokuwa na karani wa kuulizwa ikaweka tangazo la kumtaka mwanafunzi aende katika lango lake. Nao makarani wale, ambao walimjua mwanafunzi kwa sura na kwa jina la babaye, hawakuhamishiwa mahali pengine pa kumjibu. Mzigo wa maswali yao yote ukaangukia dawati la huduma za kompyuta, lenye maafisa wachache na wanagenzi waliokuja kufanya mazoezi ya kazi kwa miezi michache kisha wakaondoka na ujuzi waliokwisha kuupata. Mwezi wa Septemba, wanafunzi wapya wanapoingia, na tena katika juma linalotangulia mitihani, mlolongo wa watu mlangoni mwa dawati hilo huwa mrefu, na sehemu kubwa ya walioko katika mlolongo haikuleta shida ya kompyuta hata kidogo. Mmoja amelipa karo benki na malipo hayajaonekana, kwa hiyo kadi ya mtihani haichapiki; mwingine alichelewa kusajili masomo na mlango umefungwa; wa tatu alifanya mtihani mwaka uliopita na alama yake haipo.

Hapa pana hitilafu ya fikra ambayo nataka niichunguze kidogo, maana humo mna asili ya mengi. Katika miaka ya 1980 serikali ya Uingereza, ikiona idara zake zinatumia kompyuta kwa gharama kubwa na kwa utaratibu mbovu, iliwaagiza wataalamu wake waandike mwongozo wa huduma hizi, na mwongozo huo, uitwao ITIL, ukaenea duniani kote. Miongoni mwa mambo yake bora ni kutenganisha tukio na tatizo. Tukio ni la mtu mmoja: fulani ameshindwa kuingia, asaidiwe aingie, aende zake. Tatizo ni sababu iliyo chini ya matukio mengi: kwa nini watu mia wa kitivo kimoja wameshindwa kuingia asubuhi moja? Afisa anayetatua tukio baada ya tukio bila kuuliza swali la pili anaweza kufanya kazi kwa bidii na kwa ikhlasi mpaka siku ya kustaafu, na chuo kisiwe bora kuliko alivyokikuta.

Chukua hizo alama zinazopotea, ambazo kila mwanafunzi wa vyuo vyetu vya umma anazijua, kwani zimewachelewesha wengi kuhitimu na kuwakosesha wengine kazi. Mwanafunzi akifika dawatini huambiwa aende kwa mhadhiri; mhadhiri, ikiwa ni wa kibarua na hajalipwa, huenda ameizuia orodha nzima kama dhamana ya ujira wake; ikiwa ameileta, huenda karani wa idara aliiandika chini ya msimbo wa somo jingine; au mwanafunzi mwenyewe alisajili somo baada ya orodha kutolewa, jina lake lisiwemo, na alama yake ikaandikwa kwa kalamu pembeni mwa karatasi ambayo kompyuta haiisomi. Sababu zote hizi zajulikana, na kila moja ina tiba yake. Walakini kila mwaka mwanafunzi mmoja mmoja hutembezwa kutoka mlango hadi mlango kana kwamba msiba wake ni wa kwanza duniani. Dawati la huduma, ambalo ndilo pekee chuoni linaloona malalamiko ya vitivo vyote kwa pamoja, lingeweza kuyahesabu, kuyapanga kwa sababu zake, na kumpelekea makamu wa mkuu wa chuo taarifa ya kila muhula isemayo idara ipi imepoteza alama ngapi na kwa nini. Kazi hiyo haitaki mashine mpya. Yataka daftari linalotunzwa vizuri na mkuu aliye tayari kulisoma.

Turudi Lwakhakha, kwa kijana aliyesahau neno lake la siri siku chache kabla ya usajili kufungwa. Katika vyuo vingi akibonyeza mahali pa kuomba neno jipya, lango humwambia kwamba maelekezo yametumwa kwa barua pepe yake ya chuo. Naye, akitaka kuifungua barua pepe hiyo, huulizwa neno lile lile alilolisahau. Chuo kingine hutuma tarakimu kwa simu, na hiyo ni njia bora kuliko ya kwanza. Lakini kijana alipojiandikisha alikuwa bado hajatimiza miaka 18, hakuwa na kitambulisho, na laini aliyoiandika ilikuwa imesajiliwa kwa jina la mzazi au la kaka, ambaye huenda sasa yuko Nairobi na laini yake. Fauka ya hayo kuna jambo la mpakani ambalo sidhani waliotengeneza malango haya walilifikiri: simu iliyoko Lwakhakha, ikikamata mnara wa ng'ambo kwa nguvu kuliko wa huku, hujihesabu kuwa imesafiri Uganda. Kenya, Uganda na Rwanda zilipatana mwaka 2014 kupunguza gharama za mazungumzo ya simu kuvuka mipaka, na mapatano hayo yaliwafaa wafanyabiashara; lakini bando ya intaneti iliyonunuliwa Kenya haivuki daraja kwa urahisi namna hiyo, na tarakimu iliyotumwa ili itumike ndani ya dakika chache huweza kufika wakati muda wake umekwisha. Mkaazi wa mpakani hana budi kujua kuingia katika mipangilio ya simu yake na kuichagulia kampuni ya Kenya kwa mkono, asiiache ijichagulie. Ni maarifa madogo, lakini sijaona chuo kinachoyaandika katika mwongozo wa wanafunzi wake.

Akishindwa kote huko, kijana huenda saiba, yaani duka la kompyuta na intaneti. Nataka niseme wazi kwamba ninawaheshimu wenye saiba za miji yetu midogo, maana wao ndio maafisa wa kweli wa huduma za kompyuta kwa sehemu kubwa ya nchi hii. Wao huwajazia vijana maombi ya KUCCPS, huwaombea mkopo wa masomo wa HELB, huwachapia barua za kuitwa chuoni, huwaonyesha namna ya kupunguza ukubwa wa picha ili lango liikubali, na hufanya hayo kwa malipo kidogo, kwa lugha ambayo mzazi aliyekaa pembeni anaielewa, jioni na siku za Jumamosi ambapo ofisi za chuo zimefungwa. Yote ambayo dawati la chuo lingepaswa kuyafanya wao huyafanya, isipokuwa moja: hawana mamlaka. Na kwa kuwa hawana mamlaka, hutumia njia pekee waliyo nayo, yaani kuchukua neno la siri la kijana, kuliandika katika daftari la mezani pamoja na nambari yake ya usajili, na kuingia katika lango kwa jina lake.

Hatari ya jambo hili ni kubwa kuliko wazazi wanavyodhani. Anayeliandika neno hilo huenda ni mtu mwaminifu kabisa, lakini daftari hubaki mezani, na mezani hukaa kila mtu. Aliye na neno la mwanafunzi aweza kuona hesabu yake ya karo, kumfutia usajili wa masomo, kubadili nambari ya simu iliyoandikwa humo, na kujipelekea yeye tarakimu zote zitakazotumwa baadaye. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inamtaka kila anayekusanya habari za watu azilinde, na vyuo vikuu vimo ndani ya wajibu huo. Lakini chuo kilichotengeneza utaratibu ambao mwanafunzi wa mbali hawezi kuufuata bila kumkabidhi mgeni siri yake hakiwezi kujivua lawama kwa kubandika ukutani tangazo la kumkataza asiikabidhi.

Na sasa nifike kwenye jambo linalonikera zaidi. Hatua chache kutoka saiba hiyo yupo wakala wa M-Pesa. Tangu mwaka 2007, huduma ile ilipoanza, Wakenya wameshuhudia jambo la ajabu ambalo kwa mazoea hatulioni tena: mtu wa sokoni, mwenye simu na daftari, hutazama kitambulisho cha mwenzake, huhakiki jina na nambari, na kwa uthibitisho huo fedha hutoka. Laini ikipotea, mwenyewe hufika kwa wakala aliyeidhinishwa, akathibitishwa, na nambari yake ikafufuka. Chifu naye, au naibu wake, hutia sahihi na mhuri katika fomu ya mwanafunzi anayeomba msaada wa karo wa eneo bunge, akishuhudia kwamba huyu ni mtoto wa fulani na anakaa hapa, na kamati huuamini mhuri huo hata ikatoa fedha za umma. Basi ikiwa Lwakhakha ina watu wa kuaminiwa kumtambua kijana kwa ajili ya fedha, vipi isiwe na mtu wa kuaminiwa kumtambua kwa ajili ya neno la siri?

Wenzetu wa ng'ambo ya daraja wamekwenda mbele yetu katika sehemu moja ya jambo hili. Vyuo vya Uganda vina mtandao wao, RENU, ulio ndugu ya KENET, na yote miwili huendesha huduma ya eduroam, iliyobuniwa Uholanzi mwaka 2002 na ambayo sasa imeenea katika nchi nyingi za dunia. Kanuni yake ni nzuri kwa usahali wake: mwanafunzi aliye katika chuo cha ugenini hutoa jina lake lenye anwani ya chuo chake, chuo cha ugenini hakimwulizi siri yake wala hakiioni, bali hulipeleka swali kwa chuo chake, na chuo chake hujibu kwamba ndiye au siye. Kwa utaratibu huu mwanafunzi wa chuo cha Kenya kilichojiunga aweza kufika katika chuo cha Uganda kilichojiunga, na simu yake ikaingia mtandaoni bila kuomba ruhusa kwa mtu. RENU haikuridhika kuiacha eduroam ndani ya nyua za vyuo. Imeipeleka nje, penye mabweni ya kupanga na mahali pa watu kukutana, ili mwanafunzi asome alipo. Nasi tuna mpango wa serikali uliotangazwa mwaka 2022 wa kutandaza kilomita 100,000 za nyaya na kuweka vituo 25,000 vya intaneti ya umma. Sioni sababu ya kituo cha soko la mpakani kutangaza jina la kituo cha serikali peke yake, na kisitangaze na eduroam kando yake.

Tanzania nayo ina funzo kongwe zaidi. Chuo Kikuu Huria, kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1992, kilijua tangu mwanzo kwamba mwanafunzi wake hatakuja Dar es Salaam, kwa hiyo kiliweka vituo mikoani, na kila kituo kina mtu wa kumjibu. Kenya ilikipa hati Chuo Kikuu Huria chake mwaka 2023, nacho hufundisha kwa mtandao tu. Chuo cha namna hiyo hakina ua wala dirisha la kupangia foleni. Dawati lake la huduma ndilo mlango wake, maktaba yake na ofisi ya msajili wake kwa pamoja. Nitakitazama kwa makini, maana kikifaulu kumtambua mwanafunzi aliye mbali, vyuo vikongwe havitakuwa tena na udhuru.

Mwanafunzi pia ana sehemu yake, nami nimesoma maombi mengi mno yaliyoandikwa kwa namna isiyoweza kujibiwa. Ujumbe unaosema kwamba lango limekataa, usio na jina wala nambari ya usajili, humlazimu afisa aulize, na kuuliza na kujibiwa huchukua siku ambayo kijana hana. Andika kutoka barua pepe ya chuo ikiwa bado yafunguka. Taja nambari ya usajili, siku na saa, simu au kompyuta uliyoitumia, na hatua uliyofikia. Yanakili maneno ya kosa kama yalivyo, au upige picha ya kioo. Usilitaje neno lako la siri, hata kwa afisa, kwani afisa wa kweli halihitaji. Omba nambari ya shauri lako na uihifadhi, maana siku utakapopelekwa mlango mwingine nambari hiyo ndiyo shahidi kwamba ulisema, na ulisema lini. Aliyelipa karo na aandamanishe risiti. Anayetafuta alama na ataje msimbo wa somo, mwaka na muhula, na jina la mhadhiri.

Ninachokipendekeza, basi, chaweza kuanza na watu waliopo. Vyuo vinavyopokea vijana wa upande huu, kwa kupitia KENET ambayo ni ya vyote, vichague mtu mmoja Lwakhakha, awe mwenye saiba anayejulikana au mhitimu wa kompyuta wa vyuo vya ufundi vya Sang'alo au Kitale aliyerudi kwao, vimfundishe na vimfunge kwa mkataba. Awe na ruhusa ya kutazama kitambulisho na sura ya mwanafunzi, kuthibitisha kwamba ndiye, na kuiamuru mashine ya chuo itume tarakimu katika simu ambayo mwanafunzi ameishika mbele yake. Neno jipya alichague mwanafunzi mwenyewe, wakala asilione. Asifunguliwe matokeo wala hesabu ya karo ya mtu yeyote. Kila uthibitisho auandike, mashine nayo iuandike kwa upande wake, na mkaguzi wa chuo alinganishe madaftari hayo mawili kila mwezi. Atakayekutwa amethibitisha asiyekuwepo anyang'anywe ruhusa siku hiyo hiyo. Malipo yake yatoke chuoni, yasitoke kwa mwanafunzi, maana gharama ya kumtambua mwanafunzi ni ya aliyemwandikisha. Na aanze mwezi wa Agosti, kabla barua za kuitwa hazijawa foleni.